Mashine ya gemu niliyoiunda inajizima na kuwaka upya kila alasiri: ni umeme, joto au vumbi la Dodoma?

#1 MjukuuWaKizota
Wakuu, habari za jioni.

Nimeunda mwenyewe mashine ya gemu ya kuweka mezani, boksi la mbao lenye skrini, joistiki na batani. Ndani kuna Raspberry Pi 3B+ (kompyuta ndogo ya bodi moja), monita chakavu ya ofisini ya inchi 17 (ile ya karibu mraba, 1280 kwa 1024), kibao cha USB kinachopokea nyaya za batani, amplifaya ndogo ya PAM8403 na spika mbili nilizozitoa kwenye redio ya gari. Mbao ni MDF (ile ya kiwandani ya unga wa mbao na gundi) ya milimita 12. Programu ni RetroPie, ya kuchezea magemu ya zamani. Joistiki ni moja tu, mchezaji wa pili anachomeka pedi kwenye tundu la USB la mbele.

Inakaa barazani kwenye duka la mama huku Kizota. Asubuhi inapiga kazi safi, na usiku pia. Ikifika kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, gemu likiwa limekolea, skrini inakuwa nyeusi na mashine inaanza kuwaka upya kama vile ndiyo kwanza imechomekwa. Siku nyingine inafanya hivyo mara moja, siku nyingine inarudiarudia mpaka vijana wanatawanyika. Memori kadi nimeshabadilisha, hali ni ileile.

Mimi nasema ni joto. Oktoba ya Dodoma mnaijua, na boksi langu ni dogo. Ila kabla sijaanza kutoboa matundu ya feni kwenye mbao niliyokwisha kuipaka rangi, nataka kusikia kwa waliowahi kuunda.

#2 Ngoja_Waje
Nimeweka kambi. Wajuzi wako njiani.

#3 KariakooKwetu
Uzi wa kitu cha kuundwa, halafu picha hakuna? Hii ni chai mpaka tuone boksi.

#4 Volti230
Mkuu, joto litoe kwenye orodha. Hiyo 3B+ ikifika nyuzi 60 inashusha kasi kutoka gigahezi 1.4 kwenda 1.2, na ikifika 80 inabanwa zaidi. Utaona gemu linazubaa na sauti inakwaruza, lakini haikati ghafla. Kuzima na kuwaka papo hapo ni dalili ya umeme kuanguka.

Kifaa hicho kinataka volti 5.1 na ampea 2.5. Volti zikishuka chini ya 4.63 kinatoa alama ya radi pembeni juu kulia mwa skrini. Unaiona? Na adapta yako ni ipi?

#5 MjukuuWaKizota
Picha nimeweka hapo juu, KariakooKwetu kunywa chai yako taratibu.

Volti230, adapta ni ya simu, imeandikwa 5V 2A. Alama ya radi inatokea na kupotea, hasa gemu linapoanza. Amplifaya nayo inakula kwenye USB ya hiyo hiyo Pi.

#6 KariakooKwetu
Nimeona picha. Nafuta kauli, boksi ni zuri kuliko nilivyotegemea kutoka huko kwenye zabibu.

#7 Volti230
Basi kazi imeisha. Kilichoandikwa kwenye adapta na kinachofika kwenye Pi ni vitu viwili. Waya mwembamba wa mita moja, zile nyaya za simu ambazo ukizivua ndani unakuta shaba kama unywele, ukipitisha ampea 2 unapoteza nusu volti na zaidi njiani. Adapta itoe 5.0, zifike 4.4, halafu na amplifaya inavuta hapo hapo. Nunua adapta ya 5.1 yenye waya wake mnene uliounganishwa moja kwa moja, funga uzi.

#8 DadaWaMita
Volti230, kuhusu waya niko na wewe. Lakini hujajibu swali la saa. Adapta ni ileile asubuhi, waya ni uleule usiku. Kwa nini saa nane mpaka saa kumi na moja tu?

MjukuuWaKizota, fanya mambo mawili. La kwanza, chomeka kibodi, ingia kwenye terminali, andika `vcgencmd get_throttled`, utuletee namba utakayopewa. La pili, tuambie nini kinabadilika hapo barazani ikifika mchana. Nani anakuja, nini kinawashwa, jua linapiga upande gani.

#9 Seremala_ChangOmbe
Mimi umeme siujui, nitasema ya mbao maana picha zimenigusa.

MDF ya 12 kwa kitu kidogo ni uamuzi mzuri, imenyooka na haipindi. Vijana wengi wanakimbilia mbao za msonobari za Mafinga kwa kuwa ni rahisi, wanazinunua zikiwa na unyevu, wanaunda, halafu hewa kavu ya hapa Dodoma inazikausha ndani ya wiki chache. Mbavu zinapinda, skrubu zinalegea, skrini inabanwa upande mmoja. Kama ni msonobari, zipange kivulini na vijiti katikati zipumue kwanza. Ubaya wa MDF ni maji: mtoto akimwaga soda kwenye kingo ambayo haijapakwa, inavimba kama maandazi na hairudi. Paka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwenye kingo zote kabla ya rangi. Na mnapokata mvae barakoa, vumbi lake lina gundi ya kiwandani ndani, lisiingie kifuani.

Swali: batani zako ni za kubana au za kufunga kwa nati? Kwa picha naona zimekaa juu kidogo.

#10 MjukuuWaKizota
Za nati, fundi. Zile za kubana zinataka bamba jembamba la milimita 2 hadi 4, kwenye mbao ya 12 meno yake hayafiki chini. Tundu za kuchezea nimetoboa milimita 30, za kuanzia na kuchagua 24. Joistiki ilinisumbua zaidi. Ukiifunga chini ya mbao nene, fimbo inatokeza kidogo tu juu, mkono unakosa pa kushika. Nilichimba mfuko kwa chini mpaka pakabaki milimita 5, ndipo ikakaa vizuri.

DadaWaMita, namba naleta kesho alasiri ikishazingua.

#11 Irangi82
Mbukwenyi wana Dodoma, japo sisi Warangi tuna salamu yetu.

Niko Kondoa, ninayo kama hiyo nyumbani kwa ajili ya wadogo zangu. Ya kwangu ilikuwa inajizima, na chanzo kilikuwa vumbi. Nilitoboa matundu nyuma nikaweka feni inayovuta hewa kuingiza ndani. Vumbi letu jekundu unalijua, laini kama poda. Liliingia kwenye tundu la umeme la Pi, plagi ikawa inagusa na kuachia. Ukitikisa meza tu, imezima. Nilipiga brashi na spiriti, nikageuza feni itoe hewa nje, nikaziba matundu ya kuingizia kwa kipande cha sponji. Haijarudia.

Na kuhusu saa, DadaWaMita: upepo wa Dodoma unaanza lini? Alasiri. Hivyo vimbunga vidogo vya vumbi mnavyoviona vikizunguka viwanjani haviji asubuhi.

#12 DadaWaMita
Hoja ya upepo ina uzito, Irangi82. Ila mleta uzi anasema boksi lake halina tundu hata moja la feni.

#13 Irangi82
Tundu la joistiki je? Fimbo inacheza kwenye duara la wazi, na kwenye picha hajaweka kile kisahani cheusi cha kufunika.

#14 MzeeWaKikuyu
Vijana, nimetengeneza redio na televisheni hapa mjini tangu wengine hamjazaliwa. Naomba niseme.

Mnaangalia ndani ya boksi, angalieni nje. Kipindi hiki hewa ya Dodoma ni kavu sana, na alasiri jua likiwa kali ndipo inakauka zaidi kuliko saa zote. Mtoto amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa kaptura ya poliesta na raba miguuni. Akijisugua pale anabeba umeme tuli wa maelfu ya volti mwilini. Hausikii mpaka uguse chuma. Na chuma cha kwanza anachogusa ni fimbo ya joistiki. Cheche ndogo inapita kwenye fimbo, inaingia kwenye kile kibao cha USB, inafika kwenye kompyuta. Boksi ni mbao tupu, umeme huo hauna pa kutokea.

Usiku hewa inarudisha unyevu kidogo, asubuhi vilevile. Hiyo ndiyo saa yenu mnayoitafuta.

Halafu ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni kavu kama tofali. Nguzo ya ethi iliyochimbiwa masika, Oktoba haishiki kitu. Mafundi wa zamani walikuwa wanachimba shimo, wanaweka mkaa na chumvi, na mwenye nyumba anamwagia maji pale kila mara. Uliza hapo dukani kama kuna ethi yoyote inayofanya kazi.

#15 MjukuuWaKizota
Shikamoo mzee wangu, asante sana.

Majibu ya jana. Namba niliyopata ni `throttled=0xd0000`.

Kinachobadilika mchana: vijana wanatoka shule, wanakuwa wengi, wanacheza wawili wawili kwa hiyo pedi inachomekwa. Sauti nawapandishia maana kelele ni nyingi. Jua linapiga barazani kuanzia saa saba. Na jirani yetu ni fundi wa kuchomelea mageti, asubuhi huwa anapima na kukata vyuma, mchana ndiyo anachomelea. Viti ni vya plastiki kweli.

#16 Volti230
FUNDI WA KUCHOMELEA! Mkuu, ulikuwa umemficha wapi mtu muhimu namna hiyo? Uko naye laini moja, akigusisha tu fimbo kwenye chuma, volti za mtaa mzima zinayumba. Taa za dukani hazififii?

#17 MjukuuWaKizota
Zinafifia kidogo.

#18 KariakooKwetu
Kwa hiyo geti la mtu wa kule mtaa wa Kisasa linamuua mpiganaji wa Kizota. Hii nchi ina mambo.

#19 DadaWaMita
Kabla hamjashangilia, tuisome namba. Hiyo 0xd0000 ina vitu vitatu ndani yake: umeme pungufu umewahi kutokea, kasi imewahi kubanwa, na kikomo cha kwanza cha joto, zile nyuzi 60, kimewahi kufikiwa. Yaani Volti230 amepata chake, na mleta uzi naye na joto lake amepata chake. Na kumbukumbu hiyo inafutika mashine ikiwaka upya. Mlichokisoma ni kilichotokea baada ya kuwaka mara ya mwisho, hakisemi kitu kuhusu sekunde ileile iliyozima.

MjukuuWaKizota, andika kiskripti kifupi kinachohifadhi namba hiyo pamoja na joto na saa kwenye faili kila baada ya sekunde mbili. Ikizima, mstari wa mwisho wa faili ndiyo shahidi wetu.

Na swali kwa Volti230: mashine ikizima, monita nayo inazima? Kama taa ya nyuma ya monita inabaki na inaandika kwamba hakuna ishara, basi umeme wa ukutani haukukatika.

#20 MjukuuWaKizota
Monita inabaki. Inaandika hakuna ishara, halafu Pi inarudi.

#21 Volti230
Hilo halimtoi fundi. Saketi ya umeme ya monita ina kapasita kubwa, inavumilia mtikisiko mfupi bila wewe kuona. Adapta ya simu ya bei poa ina kapasita kama punje ya mchele.

#22 Fizikia_UDOM
Sikubaliani. Adapta hizo zimeundwa kupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Ukutani zikishuka kutoka 230 hadi 180, yenyewe bado iko ndani ya eneo lake. Mimi naona ni mzigo. PAM8403 ukiikaza inaweza kutoa wati 3 kila upande, hizo ni wati 6, kwa volti 5 ni zaidi ya ampea moja kwa amplifaya peke yake kwenye milipuko ya sauti. Ongeza pedi. Ongeza Pi inayochakata gemu zito. Adapta ya ampea 2 haiwezi. Na sauti kubwa na pedi vinakuja alasiri, kwa maneno yake mwenyewe.

Jingine, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, inapoza vibaya kuliko Dar.

#23 DadaWaMita
La mzigo nakubali, ni hoja bora mpaka sasa. La mwinuko umelikuza. Tofauti ya hewa kwa mita 1,100 ni kama asilimia 10 hivi, bamba la kupozea la ukubwa wa kidole gumba linafuta yote hayo.

#24 MzeeWaKikuyu
Mimi bado nipo kwenye cheche. Mwambieni mtoto aguse fimbo akiwa ameshika waya ulioungwa na ethi tuone kama itazima.

#25 BintiMakole
Samahanini mafundi, naingia na la pembeni. Kaka MjukuuWaKizota, hao watoto wanalipa? Maana mimi nina wawili, na nikisikia mashine barazani moyo unanienda mbio. Huku kwetu tuna yale madubwi ya kuingiza sarafu ya mia mbili, watoto wanaiba chenji ya mboga wakacheze. Kama na yako inakula sarafu, kuna siku watakuja kuibeba pamoja na madubwi.

#26 MjukuuWaKizota
Dada, hapana. Wanalipa mama dukani shilingi 200 mchezo mmoja, na akiwa na sare ya shule kabla ya saa nane hachezi, hiyo ni sheria ya mama. Hakuna sarafu inayoingia, hakuna pesa inayotoka.

#27 Manyoni_Mninga
BintiMakole, dubwi ni kamari, unaweka pesa kutegemea bahati ikurudishie pesa. Hayo ndiyo yaliyo chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na sheria yake ni ya 2003. Gemu la kupigana halikupi kitu ukishinda zaidi ya kelele. Tusiyachanganye.

#28 BintiMakole
Askari mgambo atakayekuja atajua hiyo tofauti?

#29 Manyoni_Mninga
Hapo umenishika.

#30 KariakooKwetu
Akitaka kuweka sarafu inawezekana. Kuna vile vipokea sarafu vya volti 12, unavifundisha kwa kuviwekea sarafu za mfano, za mia na za mia mbili, kila sarafu vinatuma mapigo yake kwenye waya na Pi inahesabu kama batani ya sarafu. Ila nakushauri usiweke. BintiMakole ana haki, boksi likiwa na mdomo wa sarafu kwa mbali linafanana na dubwi, na mtu anayepita na hasira zake hatasimama akusikilize.

Na kama mnataka mashine za kweli, tafuteni bodi za zamani za JAMMA, ule mfumo wa plagi moja wa mashine za gemu za ukumbini. Pac-Man halisi inakaa pale na plagi yake ya pini 56, hakuna cha Pi wala cha kuwaka upya.

#31 Fizikia_UDOM
Rekebisho: Pac-Man ni ya 1980, JAMMA kama kiwango ilikuja 1985. Bodi ya Pac-Man ina plagi yake tofauti, utahitaji kigeuzi. Street Fighter II ya 1991 ndiyo ya JAMMA, na hata hiyo batani za mateke zinahitaji plagi ya ziada, maana pini 56 zilipangwa kwa batani chache.

#32 KariakooKwetu
Nimekubali, profesa.

#33 Sheria_na_Haki
Kwa kuwa mmegusa majina ya magemu. MAME, programu mama ya kuendesha magemu haya, aliianzisha Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997 na ni halali kuwa nayo. Faili za magemu ndizo zenye wenyewe. Pac-Man ina umri wa miaka arobaini na zaidi lakini bado ni mali ya Bandai Namco. Kuchezea nyumbani ni jambo moja, kutoza shilingi 200 ni biashara kwa kazi ya mtu mwingine. Yako magemu machache ambayo wenyewe wameruhusu MAME iyagawe bure, lakini hata hayo si kwa biashara. Ukitaka kulala salama, tafuta magemu huru ambayo leseni yake inaruhusu kutoza. Wapo vijana wanaotengeneza mapya kwa moyo tu.

#34 MzeeWaKikuyu
Wekeni bao barazani. Mashimo 32, kete 64, halitaki adapta, halitaki leseni, na watoto watajua hesabu.

#35 BintiMakole
Mzee, bao nalo likikolea watu hawaendi kuchota maji.

#36 Irangi82
Turudi kwenye mashine. Sasa tuna adapta, fundi wa mageti, amplifaya, vumbi, joto, na cheche za mzee. Kila moja inaanza alasiri. Jamaa ataanzia wapi?

#37 Seremala_ChangOmbe
Aanzie kwenye lisilotoboa mbao.

#38 DadaWaMita
Seremala kasema. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja na uache faili linaandika. Alasiri ya kwanza, toa amplifaya kwenye USB ya Pi, ilishe kwa adapta yake yenyewe. Utakuta na ule mlio wa nzi kwenye spika huenda umepungua. Ikizima tena, badili adapta ya Pi. Ikizima tena, hamisha mashine chumba cha ndani mbali na jua, kwenye tundu lilelile la umeme. Ikizima tena, ondoa viti vya plastiki, walete benchi la mbao. Ukibadili vyote kwa mpigo itapona, na hatutajua kilichoiponya.

#39 MjukuuWaKizota
Wakuu, naleta mrejesho kabla hamjanisahau.

Mama hakunipa nafasi ya kubadili kimoja kimoja. Vijana walikuwa wamelipia, akasema itengenezwe leo au itolewe barazani. Nikanunua adapta ya 5.1 ya waya mnene, amplifaya nikaipa adapta ile ya zamani, na kisahani cha kuziba tundu la joistiki nimekata kwenye kifuniko cha ndoo. Tangu hapo haijazima hata mara moja, alama ya radi sijaiona.

Faili la siku ya mwisho kabla ya mabadiliko ninalo. Mstari wa mwisho kabla ya kuzima unasoma joto nyuzi 71, na namba ni 0xd0008.

#40 Volti230
Nilisema tangu namba nne. Adapta.

#41 Fizikia_UDOM
Ametoa na amplifaya siku hiyohiyo. Ni mzigo.

#42 Irangi82
Na tundu ameziba. Vumbi.

#43 DadaWaMita
Mna haraka. Hiyo 8 ya mwisho inasema kwamba katika sekunde zile kikomo cha joto kilikuwa kimefikiwa, na umeme ulikuwa SAWA. Kama ungekuwa umeshuka wakati huo, mwisho usingesomeka 8. Lakini faili linaandika kila sekunde mbili, na umeme unaweza kuanguka na kuua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla ya mstari kuandikwa. Nyuzi 71 peke yake hazizimi Pi.

Fundi wa mageti yuko wapi siku hizi?

#44 MjukuuWaKizota
Dada unaogopesha. Fundi yuko Kibaigwa tangu siku ileile niliyobadilisha adapta, amepata kazi ya kufunga mageti ya ghala. Anarudi wiki ijayo.

#45 Volti230
Akirudi, piga mita kwenye soketi anapochomelea, uandike namba ya chini kabisa unayoiona. Zikishuka chini ya 180 tutaongea vizuri.

#46 MzeeWaKikuyu
Na viti?

#47 MjukuuWaKizota
Viti mama aliviazima kwenye msiba wa jirani, havijarudi. Wanacheza wamesimama.

#48 MzeeWaKikuyu
Ahaa.

#49 KariakooKwetu
Mzee na "ahaa" yake. Huyu hashindwi.

#50 Ngoja_Waje
Mleta uzi, nimekaa kambini vya kutosha, sasa naomba vipimo. Nina monita kama hiyo imelala stoo na karatasi nzima ya MDF ya futi 8 kwa 4.

#51 MjukuuWaKizota
Mbavu mbili, kimo sentimita 55, kina 45 chini, juu inapungua hadi 20. Upana wa ndani 40, monita ikivuliwa plastiki yake inaingia na nafasi ya kufungia inabaki. Paneli ya batani kina 19, imeinama kidogo kuelekea kwa mchezaji. Batani kutoka kitovu hadi kitovu milimita 36, usibane zaidi ya hapo nati zitagusana kwa chini. Mlango wa nyuma weka kwa bawaba, utaufungua kila wiki. Karatasi moja inatoa mashine mbili ukipanga vizuri. Ukitaka joistiki mbili upana usiwe chini ya 60, viwiko vitagombana, na fahamu kwamba vibao viwili vya USB vya aina moja vina jina moja, ukiwasha upya mchezaji wa kwanza anaweza kugeuka wa pili.

Uzuri wa monita hii ya umbo la mraba, magemu ya skrini ya kusimama kama Pac-Man yanakaa makubwa. Kwenye skrini pana yangebaki ufito katikati.

#52 Seremala_ChangOmbe
Ngoja_Waje, chora mbavu ya kwanza kwenye boksi la katoni ukate, uisimamishe mezani, ukae mbele yake kwenye kiti utakachotumia. Skrini iliyosimama wima kabisa inaumiza shingo, ilaze nyuma nyuzi 15 hadi 20. Monita hizi za zamani ukizitazama kwa chini rangi zinageuka, kwa hiyo pima ukiwa na mtoto, usipime kwa kimo chako.

#53 DadaWaMita
Na toboa matundu ya hewa nyuma juu kabla ya kupaka rangi. Hata kama joto halikuizima ya kwake, nyuzi 71 ni nyingi.

#54 Irangi82
Yenye sponji.